Dhima ya Utani: Uhakiki wa Nadharia ya Uamilifu katika Uchunguzi wa Asasi za Jamii

Utangulizi

Miongoni mwa nadharia zilizotoka katika elimu ya jamii zikaingia katika uchunguzi wa lugha na fasihi za Kiafrika, ni chache zilizokita mizizi kama nadharia ya uamilifu. Imekita kiasi cha kwamba wengi wanaoitumia hawatambui kuwa wanaitumia. Mwanafunzi akiulizwa dhima ya methali, hujibu kwamba methali huelimisha, huonya, huburudisha na kuhifadhi utamaduni. Akiulizwa dhima ya ngano, hujibu hayo hayo. Akiulizwa juu ya vitendawili, nyimbo za kazi au maghani, orodha ni ile ile, pengine kwa kubadilisha mpangilio tu. Mtahini humpa alama zake, kwa kuwa hakuna alilosema ambalo ni la uongo. Hata hivyo, yafaa iulizwe kama jibu linalofaa kwa kila swali limeeleza jambo lolote kuhusu utanzu ulioulizwa.

Orodha hiyo haikuzuka darasani. Ni masalio ya mtazamo ulioongoza uchunguzi wa jamii za Kiafrika kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, nao unashikilia kwamba kila asasi ya jamii, iwe ndoa, ukoo, dini, mahakama au soko, ipo kwa sababu ina kazi inayoifanya kwa ajili ya jamii nzima. Makala haya yanakusudia kuuhakiki mtazamo huo kwa kupima jinsi unavyoieleza asasi moja, nayo ni utani. Utani umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni asasi ya Afrika Mashariki iliyochangia kuandikwa kwa mojawapo ya makala mashuhuri za nadharia yenyewe. Pili, ni asasi inayotendeka kwa maneno, na kwa hiyo mtaalamu wa lugha ana haki ya kuuliza kama imeelezwa ipasavyo.

Hoja itakayotetewa ni kwamba dhima haimo ndani ya asasi kama utamu ulivyomo ndani ya muwa. Dhima ni matokeo ya mapatano baina ya watu fulani, katika wakati fulani, yanayolindwa kwa maneno fulani, na yenye gharama ambayo lazima pawepo mtu wa kuilipa. Mchunguzi asiyeyataja mambo hayo manne bado hajaitaja dhima.

Nadharia na Faida Yake

Msingi wa nadharia hii ni mfano wa mwili. Herbert Spencer, Mwingereza wa karne ya kumi na tisa, aliilinganisha jamii na kiumbe hai ambacho kila kiungo chake kina kazi, na kazi zote pamoja huweka uhai. Émile Durkheim wa Ufaransa alikiendeleza kifani hicho kikawa utaratibu wa uchunguzi. Katika kitabu chake cha mwaka 1893 juu ya mgawanyo wa kazi, alitafuta kile kinachowafunga watu pamoja, akadai kwamba hata adhabu anayopewa mhalifu ina kazi yake, kwa kuwa huwathibitishia watu wengine maadili wanayoshirikiana.

Mawazo hayo yaliletwa katika uchunguzi wa Afrika hasa na wataalamu wawili waliohitilafiana kidogo. Bronislaw Malinowski, mzaliwa wa Poland aliyefundisha London baada ya kuishi katika visiwa vya Trobriand wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alishikilia kwamba asasi zinatimiza mahitaji ya binadamu: chakula, uzazi, usalama na mengineyo. A. R. Radcliffe-Brown hakuyajali sana mahitaji ya mtu mmoja mmoja. Kwake yeye dhima ya asasi ni mchango wake katika kudumisha muundo wa jamii. Baadaye huko Marekani Talcott Parsons, katika kitabu chake cha mwaka 1951, aliukuza mtazamo huo ukawa mfumo mpana uliokusudiwa kueleza jamii yoyote, ya mjini au ya kijijini.

Haki yao lazima itolewe. Kabla yao wasomi wengi wa Ulaya walizichukulia mila za Kiafrika kuwa mabaki ya ushenzi wa kale. Mahari ilielezwa kuwa ni kununua mwanamke, na tambiko likaelezwa kuwa ni kosa la akili isiyojua sayansi. Wanauamilifu waliuliza swali jipya: mila hii inafanya kazi gani leo, katika maisha ya watu hawa? Ili kulijibu walilazimika kujifunza lugha ya wenyeji na kukaa nao kwa muda mrefu. Mahari ikaonekana kuwa ni kiungo baina ya koo mbili na dhamana ya watoto watakaozaliwa. Swali lao lilileta heshima pale ambapo dharau ilikuwa imezoeleka. Lawama zitakazofuata hazikanushi jambo hilo.

Utani katika Macho ya Nadharia

Mwaka 1940 F. J. Pedler alichapisha maelezo mafupi juu ya mahusiano ya utani katika Afrika Mashariki. Maelezo hayo, pamoja na maandishi ya Henri Labouret na Denise Paulme juu ya Afrika Magharibi, ndiyo yaliyomfanya Radcliffe-Brown kuandika makala yake maarufu juu ya utani katika jarida la Africa mwaka huo huo. Aliueleza utani kuwa ni uhusiano baina ya watu wawili ambapo mmoja ana ruhusa ya kimila, na pengine ana wajibu, wa kumfanyia mwenzake mzaha, naye mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Mara nyingine mzaha huenda pande zote mbili, mara nyingine upande mmoja tu.

Sababu aliyoitoa ni ya ufundi mkubwa. Mwanamume anapooa, huingia katika ukoo wa mkewe ilhali bado ni mtu wa nje. Yako mambo yanayomuunganisha na wakwe zake, na yako yanayomtenga nao. Hali ya namna hiyo inaweza kuleta ugomvi. Jamii huizuia hatari hiyo kwa njia moja kati ya mbili. Njia ya kwanza ni heshima kuu inayofikia hadi watu kuepukana, kama vile mkwe anavyojitenga na mama mkwe wake. Njia ya pili ni mzaha, kama ule wa mashemeji. Mzaha ni uadui wa bandia unaouzuia uadui wa kweli. Radcliffe-Brown aliyapeleka maelezo hayo hadi kwenye utani wa koo na wa makabila, kwa kuwa hapo pia watu wameungana na kutengana kwa wakati mmoja.

Ushahidi zaidi ulipatikana upesi. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, alitoa mwaka 1941 na mwaka 1944 maandishi mawili yaliyoorodhesha makabila yenye utani na desturi zao. Hata hivyo hapakukosekana mpinzani. Mfaransa Marcel Griaule, aliyewachunguza Wadogon na watani wao Wabozo, alisema mwaka 1948 kwamba kuziweka desturi zote za mzaha katika kundi moja ni sawa na kuweka maziko na harusi katika kundi moja kwa kuwa kengele za kanisa hulia katika zote mbili. Kwake yeye utani wa Wadogon ulipaswa kuelezwa kwa fikira za Wadogon wenyewe. Radcliffe-Brown alimjibu mwaka 1949 kwa kusisitiza kwamba bila ya ulinganishi hapana sayansi ya jamii. Katika mjadala huo kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki, lakini hapana aliyeyageukia maneno ambayo watani huambiana.

Asasi Isiyokuwa na Historia

Kasoro ya kwanza ya nadharia ni kuichanganya dhima na chanzo. Ajabu ni kwamba Durkheim mwenyewe alikwisha kulionya jambo hilo mwaka 1895, katika kitabu chake juu ya kanuni za uchunguzi wa jamii. Alisema kwamba kuonyesha faida ya kitu si kueleza jinsi kilivyotokea, na kwamba chanzo na dhima vitafutwe mbalimbali. Wafuasi wake waliuzingatia onyo hilo mara chache. Radcliffe-Brown aliidharau historia ya jamii zisizokuwa na maandishi kwa kuiita ya kubahatisha, akaiweka kando.

Lakini historia ya utani baina ya makabila haikuhitaji kubahatishwa. Wenyewe waliieleza kila walipoulizwa: walitaja vita vilivyokwisha kwa suluhu, au walitaja safari. Mfano wa Wanyamwezi na Wazaramo unatosha. Katika karne ya kumi na tisa maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani, wakirudi na nguo, shanga na bunduki. Njia yao ilipita katika nchi ya watu wengine. Mpagazi aliyeugua njiani alikuwa mbali na ndugu zake wote. Nani angempa maji? Akifa, nani angemzika? Katika hali hiyo mtani alikuwa mtu wa kubisha hodi kwake bila ya kuogopa, na wa kushika jembe siku ya msiba. Mzaha mkali ulikwenda pamoja na wajibu mzito.

Asasi hiyo ilipata sura nyingine katika miji ya machimbo. J. Clyde Mitchell, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1956 juu ya ngoma ya Kalela huko Luanshya, katika nchi ambayo leo ni Zambia, aliwaeleza wachezaji wa Kibisa waliovaa nguo nadhifu za kizungu, wakaimba nyimbo za kujisifu na kuyakejeli makabila mengine. Aliihusisha ngoma hiyo na utani uliokuwa umeenea mjini baina ya makabila ambayo wengine wao hawakukutana kabla ya kazi ya shaba kuwakutanisha.

Ushahidi huo wote unauweka mfano wa mwili katika mashaka. Ikiwa utani ni kiungo, ni kiungo cha mwili upi? Wanyamwezi na Wazaramo hawakuwa jamii moja yenye muundo mmoja uliohitaji kudumishwa. Biashara ya pembe ndiyo iliyowakutanisha, na biashara hiyo ilikuwa na wenyewe Unguja na ng'ambo ya bahari. Wachimbaji wa Luanshya walikutanishwa na mshahara na kampuni. Utani waliufanya watu waliokuwa wakitafuta usalama katika ulimwengu ambao hawakuupanga wao. Kusema kwamba ulidumisha muundo wa jamii ni kuyafuta mambo mawili: nguvu iliyowatoa makwao, na akili waliyoitumia kujihifadhi.

Nadharia Isiyoweza Kukosea

Kasoro ya pili ni ya kimantiki. Radcliffe-Brown asema kwamba kuepukana na kutaniana ni njia mbili za kufikia shabaha moja. Iwapo ndivyo, shabaha hiyo haiwezi kueleza kwa nini watu fulani walichagua hii wakaiacha ile. Mkwe akinyamaza, amani imelindwa. Mkwe akitukana, amani imelindwa vile vile. Hapana mwenendo wowote unaoweza kuikanusha kauli ya namna hiyo.

Max Gluckman aliifikisha fikira hiyo mbali zaidi. Katika mhadhara wake wa mwaka 1952 alizichambua sherehe za Waswazi na Wazulu ambamo raia huonyesha chuki dhidi ya mfalme au wanawake huchukua nafasi ya wanaume kwa muda. Hitimisho lake lilikuwa kwamba uasi wa namna hiyo huutia nguvu utaratibu unaoasiwa. Inawezekana kabisa kwamba alisema kweli kuhusu sherehe alizozieleza. Hatari imo katika kuifanya kweli hiyo kuwa kanuni, maana hapo kila upinzani utakuwa umekwisha kuhesabiwa kuwa ni utumishi kabla haujasikilizwa.

Kasoro hii ilionekana hata na walio ndani ya nyumba. Robert Merton, katika kitabu chake cha mwaka 1949, alizitaja dhana tatu ambazo wanauamilifu walizikubali bila ya kuzithibitisha: kwamba jamii ni kitu kimoja kilichoshikamana, kwamba kila desturi ina faida, na kwamba hapana desturi inayoweza kuondolewa pasipo kuleta madhara. Akapendekeza itofautishwe dhima ambayo watendaji wanaijua na ile wasiyoijua, na ikubaliwe kwamba asasi inaweza pia kudhuru. Marekebisho hayo yalikuwa ya lazima. Lakini katika orodha za dhima zinazofundishwa pamoja na fasihi simulizi, Merton hajafika. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa ni wapi methali imedhuru, au ni nani aliyenyamazishwa nayo.

Maneno Yaliyosahauliwa

Kasoro ya tatu ndiyo inayomhusu zaidi mtaalamu wa lugha. Katika maelezo ya kiuamilifu utani umekuwa jambo ambalo maneno yake yanaweza kuwa yoyote. Mzaha umewekwa kama sanduku lililofungwa: linahesabiwa, linapangwa pamoja na mengine, wala halifunguliwi.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa mwanzo mzuri wa kulifungua. Yako maneno mengi yanayokaribiana na utani: mzaha, masihara, dhihaka, kejeli, stihizai. Mengi ya hayo ni majina ya vitendo au ya namna ya kusema. Utani ni tofauti. Umo katika kundi moja na udugu, ujirani, urafiki na ukwe, yaani majina ya mahusiano. Husemwa kwamba watu hawa wana utani, kama inavyosemwa kwamba wana udugu. Na mwenye utani huitwa mtani, kama mwenye udugu aitwavyo ndugu, hata wakati ambapo hapana mzaha wowote uliosemwa. Methali ya Waswahili inaonya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Yafaa izingatiwe kwamba methali haikusema utani. Wasemaji wa lugha wanajua kwamba mzaha usiokuwa na uhusiano wa kuulinda ni wa hatari, na wameliweka neno jingine kwa ajili ya ule uliolindwa. Katika matumizi ya watu wengi wa Kenya siku hizi neno utani limefifia, limekuwa sawa na mzaha wowote. Kufifia huko kwa maana ni habari ya jamii, na kutarejewa hapa chini.

Katika msiba mambo huonekana waziwazi zaidi. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtani wa marehemu huja matangani akamwigiza marehemu: sauti yake, mwendo wake, ulafi wake au ubahili wake. Huweza kuizuia maiti isipite mpaka apewe kitu kidogo. Kisha mtani huyo huyo hushiriki katika kuchimba kaburi. Mwanauamilifu atasema kwamba dhima ya hayo ni kupunguza majonzi. Ni kweli, lakini ni kweli iliyo nusu. Anayeigiza lazima awe alimjua marehemu na kumchungulia vizuri alipokuwa hai. Hayo anayoyaonyesha ni yale ambayo msoma wasifu hawezi kuyatamka, na waombolezaji hucheka kwa kuwa wamemtambua mtu wao. Mtani asiye na kipaji huuacha msiba ukiwa vile ulivyokuwa, au huuzidisha. Kwa hiyo hiyo iitwayo dhima inategemea ubora wa tendo la kisanaa. Nadharia inayompa mtani hodari na mtani butu dhima moja haiwezi kuwa nadharia ya fasihi.

Ruth Finnegan alilalamika karibu na hayo mwaka 1970, katika kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika, aliposema kwamba kuitilia mkazo kazi ya ngano katika jamii kumewafanya wachunguzi waache kuitazama kama fasihi. Lakini orodha ilikwisha kuenea. William Bascom, Mmarekani aliyewachunguza Wayoruba, alikuwa ameziweka dhima za fasihi simulizi kuwa nne mwaka 1954: kuburudisha, kuithibitisha mila, kuelimisha, na kuwafanya watu wafuate mwenendo uliokubaliwa. Kila mwalimu wa Kiswahili atazitambua. Bascom mwenyewe alikuwa mwangalifu, akaonyesha kwamba fasihi hiyo hiyo inayofundisha utii humpa mtu pia nafasi ya kupumua kutokana na masharti ya jamii yake. Mgongano huo, ambao ndio uliokuwa moyo wa makala yake, ndio ulioachwa nyuma, na orodha ikaendelea na safari peke yake.

Dhima kwa Nani?

Kasoro ya nne ni ukimya kuhusu wanaolipa gharama. Mfano wa Kenya unaostahili kukumbukwa ni Facing Mount Kenya cha Jomo Kenyatta, kilichochapishwa mwaka 1938. Kilitokana na masomo yake chini ya Malinowski huko London, naye Malinowski ndiye aliyekiandikia utangulizi. Sura yake juu ya tohara iliandikwa baada ya mgogoro mkubwa wa mwaka 1929 baina ya misheni na Agikuyu wengi kuhusu tohara ya wasichana. Hoja yake ni ya kiuamilifu: kwamba desturi hiyo imefungamana na rika, elimu, maadili na mpangilio mzima wa maisha, hivyo kuing'oa ni kuujeruhi mwili wote.

Kama silaha dhidi ya waliowadharau Waafrika, hoja hiyo ilikuwa kali, na ilitumiwa na Mwafrika aliyekuwa akiitetea nchi yake. Lakini silaha hiyo ina makali kuwili. Ndani yake Mgikuyu husema kwa sauti moja. Mzazi wa Kikristo aliyesimama upande mwingine wa mgogoro hana mahali pa kusimama katika maelezo hayo isipokuwa kama mtu aliyepotea. Msichana ambaye mwili wake ndio uliobishaniwa hasikiki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 iliyopiga marufuku ukeketaji ilikuja baada ya miongo mingi ya ubishi ambao Waafrika wenyewe walikuwa katika pande zake zote mbili. Ubishi huo ulikuwamo tangu mwanzo, lakini nadharia haikuwa na nafasi ya kuuandika.

Utani nao hauna budi kuulizwa swali hilo hilo. Nchini Kenya mara nyingi husemwa kwamba mizaha juu ya makabila ni utani tu, na kwamba huwazoesha watu kuishi pamoja. Huo ni uamilifu katika vazi la kila siku. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa kitaifa ilifanya maneno ya chuki za kikabila kuwa kosa, na tangu hapo limekuwapo swali la kutofautisha mzaha na uchochezi. Nadharia ya uamilifu haiwezi kulijibu, kwa kuwa kwake yeye matusi yanayochekesha yamekwisha kuwekwa upande wa amani.

Uchunguzi wa utani wenyewe unaweza kusaidia. Katika utani kamili mambo matatu huonekana pamoja. Anayetaniwa yupo, au ana jamaa aliyepo, na ana haki ya kujibu kwa maneno makali kama aliyoambiwa. Pili, uhusiano unajulikana na pande zote mbili kabla mzaha haujasemwa. Tatu, mwenye kutania ana wajibu ambao hauna mzaha, mkubwa wao ukiwa ni kuzikana. Tusi la mtani lina dhamana, kwa kuwa anayelitoa leo atashika jembe kesho. Mzaha unaorushwa jukwaani juu ya watu wasiokuwapo, wasioweza kujibu, na ambao msemaji hana deni lolote kwao, hauna hata moja ya hayo matatu. Kuuita utani ni kuukopesha heshima ya asasi usiyokuwa wake. Hapo ndipo kufifia kwa maana ya neno, kulikotajwa hapo juu, kunapokuwa na madhara: neno lililokuwa likitaja wajibu limebakia kutaja kicheko.

Hitimisho

Haifuati kutokana na hayo kwamba nadharia ya uamilifu itupwe. Katika urithi wake yako mambo ambayo wataalamu wa lugha wameyatumia vizuri, na yalitoka pale ambapo nadharia ilikaribia zaidi maneno ya watu. Malinowski, katika makala yake ya mwaka 1923 juu ya maana, alishikilia kwamba usemi haufahamiki pasipo kuijua hali ambamo umesemwa. Mwaka 1935 aliyaandika maneno ya uganga wa mashamba ya Trobriand katika lugha yenyewe, pamoja na ufafanuzi wake. J. R. Firth aliichukua fikira ya muktadha akaifanya nguzo ya isimu iliyofundishwa London. Hapo uamilifu ulikuwa ni njia ya kuuliza. Ulipogeuka kuwa jibu lililokwisha kupatikana, ndipo ulipoacha kuwa na faida.

Kwa wafundishao fasihi simulizi, mabadiliko yanayohitajika si makubwa, wala hayahitaji istilahi mpya. Badala ya kumtaka mwanafunzi ataje dhima za utanzu mzima, atakiwe kulichukua tukio moja alilolishuhudia au lililorekodiwa kwa ukamilifu. Aseme nani alinena, nani aliambiwa, uhusiano wao ni upi, na ulianza lini. Ayaandike maneno kama yalivyosemwa. Aeleze aliyeambiwa angeweza kujibu nini, nani alicheka na nani hakucheka, na ni kitu gani kilichobadilika baada ya hapo. Akikamilisha hayo, ataweza kusema jambo kuhusu dhima, na jambo hilo halitakuwa sawa na la mwenzake aliyechunguza tukio jingine. Mtahini naye itambidi asome kila karatasi hadi mwisho.